Kisu Kabla ya Moto: Bulgogi katika Majiko ya Mbeya na Iringa

Bulgogi ni jina la Kikorea linaloundwa na maneno mawili, bul, yaani moto, na gogi, yaani nyama, lakini jina hilo hutaja hatua ya mwisho tu ya pishi ambalo sehemu kubwa ya kazi yake humalizika kabla makaa hayajashika. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vyembamba mno, hulazwa katika mchanganyiko wa sosi ya soya, sukari, kitunguu swaumu, ufuta na tunda lililokwaruzwa, kisha hupitishwa juu ya moto mkali kwa dakika chache na kuliwa kwa wali na majani mabichi. Kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini, ambaye akisikia nyama choma huona pande la mnofu au ubavu mzima ulionyunyiziwa chumvi na kukaa juu ya wavu hadi mafuta yadondokee makaa, mpangilio huo unaweza kuonekana wa kigeni kabisa. Hata hivyo ulikomaa katika nchi iliyokuwa na tatizo ambalo kila mpishi wa Mbeya na Iringa analijua kwa meno yake, nalo ni nyama ngumu ya ng'ombe aliyefugwa kwanza kwa ajili ya jembe.

Masimulizi ya Wakorea huipeleka asili ya pishi hili hadi dola ya kale ya Goguryeo, ambayo Watanzania wengi wanaifahamu bila kuisoma darasani, kwa kuwa ndiyo dola inayoasisiwa na shujaa wa tamthilia ya Jumong, iliyorushwa na televisheni ya Korea mwaka 2006 na 2007 na baadaye kuzunguka Afrika Mashariki kwa diski na katika vibanda vya video. Inasimuliwa kwamba watu wa Maek, waliokuwa sehemu ya dola hiyo, walikoleza nyama na kuichoma kwenye vijiti, na pishi hilo likaitwa maekjeok. Yeyote aliyewahi kula mishkaki atatambua wazo hilo mara moja. Ushahidi unaounganisha maekjeok na bulgogi ya leo ni mwembamba, na msingi imara zaidi unapatikana katika enzi ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392, ambapo ikulu na nyumba za mabwanyenye ziliandaa pishi lililoitwa neobiani, yaani nyama ya ng'ombe iliyokatwa kwa upana na wembamba, ikakolezwa kwa sosi ya soya na kuchomwa. Neobiani imo katika kitabu cha mapishi cha Siuijeonseo, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 19.

Jambo la kuzingatia katika historia hiyo ni kwamba watawala wa Joseon walipiga marufuku mara kwa mara uchinjaji wa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyelima mashamba ya mpunga na kuvuta mikokoteni, na kumchinja ovyo kulihesabiwa kuwa ni kuila kesho ya shamba. Hata ng'ombe wa asili wa Korea anayeitwa hanwoo, ambaye leo anasifiwa duniani kwa nyama yenye mafuta yaliyosambaa kama michirizi ya marumaru, alikuwa mnyama wa kazi hadi nusu ya pili ya karne ya 20, matrekta yalipochukua nafasi yake. Nyama ya mnyama wa namna hiyo ilikuwa adimu na mara nyingi ngumu, kwa hiyo kila kipande kilistahili kufanyiwa kazi kwa uangalifu. Wembamba wa karatasi unaoonekana katika migahawa ya Seoul ulikuja baadaye sana, mashine za kukatia nyama zilipoenea katika karne ya 20. Kabla ya hapo mpishi alitegemea kisu, na wakati mwingine alikipigapiga kipande kwa upande wa makali ili kukilegeza.

Katika Mbozi, Mbarali na vijiji vingi vya Iringa, maksai, yaani dume la ng'ombe lililohasiwa na kufundishwa kazi, bado huvuta jembe la plau na mkokoteni wa mahindi, na hufika machinjioni baada ya misimu mingi ya kilimo. Ng'ombe wengine hutoka katika mifugo ya Uwanda wa Usangu na maeneo jirani, na wengi wao ni wa jamii ya zebu wenye nundu na pembe fupi, waliozoea kutembea mbali kufuata maji na majani. Msuli unaotembea na kuvuta hujijenga kwa nyuzi nene na kwa kolajeni nyingi, yaani protini inayofanana na kamba inayofunga nyuzi hizo pamoja, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo kamba hizo zinavyofungamana na kukataa kulainika. Nyama hiyo ina ladha nzito ambayo ng'ombe wa kunenepeshwa zizini hana, na ni haki kuisifu, ila inahitaji mpishi anayejua namna ya kuifungua. Njia iliyozoeleka ni kuichemsha kwa saa mbili au tatu hadi kolajeni igeuke kuwa mchuzi mzito, na njia hiyo ni nzuri, lakini katika sufuria la mchuzi msuli hupoteza ule ukali wa harufu unaotokana na moto mkavu. Bulgogi ni njia ya pili.

Ugumu wa nyama una chanzo kingine kisichohusu umri wa mnyama. Ng'ombe huchinjwa usiku au alfajiri, nyama hufika buchani asubuhi, na mteja mwenye bahati hubeba kilo yake ikiwa bado ina joto la mwili. Wengi huamini kwamba hiyo ndiyo nyama bora, kwa sababu ni mbichi kabisa. Kilicho kweli ni kwamba saa chache baada ya mnyama kufa misuli huishiwa nguvu ya kemikali inayoiwezesha kulegea, hivyo hujikaza na kubaki imekaza, hali inayoitwa ukakamavu wa mauti, na ni baada ya siku moja au mbili, vimeng'enya vya msuli wenyewe vinapoanza kukata nyuzi polepole, ndipo nyama hurudi kuwa laini. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kemikali bila yenyewe kuisha, na aina inayohusika hapa ni ile inayokata protini nyingine. Mpishi anayekusudia bulgogi anashauriwa kununua nyama siku moja kabla, kuiweka katika sehemu ya chini ya jokofu ikiwa imefunikwa, na kuiacha ipumzike hadi kesho yake. Kuitupa moja kwa moja katika friza ikiwa bado ina joto ni kosa linaloharibu nyama nyingi nzuri, kwa kuwa msuli ulioganda kabla ya kukaza hujikunja kwa nguvu unapoyeyuka, humwaga maji yake, na hubaki mgumu kuliko ulivyokuwa.

Buchani mteja hukutana kwa kawaida na mgawanyo wa steki na mchanganyiko, steki ikiwa ni mnofu usio na mfupa na mchanganyiko ukiwa ni nyama yenye mifupa na mafuta yake. Kwa bulgogi inafaa steki, na iliyo bora ni sarara, yaani mnofu unaolala kando ya uti wa mgongo, ambao haufanyi kazi nyingi mnyama anapotembea. Mnofu wa paja unafaa pia na bei yake mara nyingi ni nafuu, mradi uwe kipande kimoja kizima kisichokatwakatwa, kwa sababu vipande vidogo haviwezi kukatwa tena kwa wembamba. Hivyo ni lazima muuzaji aambiwe mapema asilete panga. Mhuri wa mkaguzi wa nyama utafutwe mwilini mwa mzoga kabla ya kulipa. Na kwa kuwa ng'ombe wa zebu hana ile michirizi ya mafuta ya hanwoo, kuongeza kipande kidogo cha nundu, ambayo mafuta yake yamefumwa ndani ya msuli wenyewe, huipa nyama ulaini ambao viungo peke yake haviwezi kuuleta. Mkorea anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya michirizi hiyo angeshangaa kuona nundu ikiuzwa pamoja na mchanganyiko.

Hapo ndipo kisu kinapoanza kazi. Kipande kilichopumzika hufungwa vizuri kwenye mfuko na kuwekwa katika friza kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili, hadi nje yake iwe ngumu kama sabuni ya kufulia huku kiini kikibonyea kidogo kwa kidole. Nyama katika hali hiyo haikimbii mbele ya makali. Mpishi huitazama kwa makini kabla ya kukata, kwani nyuzi zake huonekana wazi zikielekea upande mmoja kama nyuzi za katani zilizolazwa pamoja, na kisu hupaswa kukingama nazo, yaani kukata kwa kuzivuka na kamwe si kwa kuzifuata. Kipande kilichokatwa kwa kufuata nyuzi humlazimisha mlaji kuzikata mwenyewe kwa meno kwa urefu wake wote. Kilichokingama huwa na vipisi vifupi vya nyuzi, vya milimita 2 au 3, vinavyoachana mara tu vinapotafunwa. Kisu huvutwa kwa mwendo mmoja mrefu bila kusukuma kwa nguvu, na kipande kinachoanguka ubaoni huwa chembamba kiasi kwamba rangi ya ubao huanza kuonekana kupitia kwake. Nusu kilo huchukua dakika 20 kwa mkono usio na mazoea, na muda huo usionewe uchungu, kwa sababu hakuna tunda wala kiungo kitakachofidia ukataji mbaya.

Baada ya kisu huja mchuzi wa kulazia nyama, na nguzo yake ni sosi ya soya, ambayo Wakorea huiita ganjang. Sosi hiyo hutengenezwa kwa soya iliyochemshwa, ikapondwa na kufinyangwa matofali yanayoitwa meju, yakaachwa yashike kuvu na bakteria kwa majuma kadhaa, kisha yakazamishwa katika maji ya chumvi ndani ya mitungi mikubwa ya udongo. Baada ya miezi maji meusi huchujwa yakawa ganjang, na soya inayobaki ikawa doenjang, uji mzito wa kukolezea supu. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi huo wa kutengeneza viungo vya soya nchini Korea katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika uchachushaji huo protini za soya hukatwakatwa hadi kuwa asidi za amino, mojawapo ikiwa glutamati, ambayo mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 kuwa chanzo cha ladha aliyoiita umami, ile ladha ya tano inayofanya mchuzi wa nyama au wa uyoga ujae mdomoni. Nyama ina ladha hiyo kwa asili, na sosi ya soya huiongezea juu yake.

Inasikitisha kidogo kwamba sosi hiyo hufika Mbeya na Iringa ndani ya chupa zilizotoka ng'ambo, wakati soya yenyewe inastawi vizuri katika mikoa ya nyanda hizo. Zao hilo lililetwa nchini wakati wa utawala wa Wajerumani, likajaribiwa Amani huko Tanga mwaka 1907, na leo wakulima wa Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya hulipanda, lakini sehemu kubwa huishia katika chakula cha kuku, unga wa lishe na magunia ya kusafirishwa nje. Kandokando ya Ziwa Nyasa, karibu na Matema, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo vimetembea kwa mitumbwi na magari hadi masoko ya mbali. Ardhi inayotoa soya na ardhi inayotoa vyungu haziko mbali. Mpishi wa nyumbani, hata hivyo, hana sababu ya kungoja hadi siku ambayo sosi itatengenezwa kwa soya hiyo ndani ya vyungu hivyo. Anunue chupa iliyoandikwa kwamba sosi imechachushwa, aepuke ile iliyotengenezwa kwa rangi na chumvi pekee, na asiongeze chumvi nyingine yoyote, kwani kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takribani gramu 2 na nusu za chumvi.

Kiungo cha pili kinachoshangaza wengi ni tunda. Wakorea hutumia peasi la kwao, ambalo ni la mviringo, kubwa, lenye maji mengi na linalotafunika kama tufaha, na hulikwaruza likawa rojo ili sukari yake ikoleze nyama na vimeng'enya vyake vipunguze ugumu. Hali ya hewa ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini huruhusu mapeasi na matufaha kustawi, jambo ambalo joto la pwani haliwezi kulitoa, na peasi la kienyeji linalouzwa kwenye ndoo kandokando ya barabara, lenye ngozi ngumu na punje punje kama mchanga ndani, hufaa kwa kazi hii pengine kuliko linavyofaa kuliwa hivi hivi. Likikwaruzwa kwenye kikwaruzo cha karoti hutoa maji matamu yenye harufu ya maua, na zile punje za mchanga hupotea ndani ya mchuzi. Uwezo wake wa kulainisha ni wa upole, na kwa sababu hiyo hiyo ni salama, maana nyama inaweza kulala nalo usiku kucha bila kuharibika.

Wapishi wa pwani wamekuwa wakifanya jambo la namna hii kwa muda mrefu bila kuhitaji somo kutoka Seoul, kwani mishkaki ya Zanzibar na Dar es Salaam hulazwa na papai bichi, ambalo utomvu wake mweupe una kimeng'enya cha papaini, chenye nguvu nyingi. Nanasi bichi lina bromelaini, na tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya chake cha kukata protini. Nguvu ya papai na nanasi ni ya kuogopwa pale nyama inapokuwa nyembamba, kwa sababu tofauti na pande la mishkaki, kipande cha milimita 2 hakina kiini cha kujificha. Kikikaa na papai kwa saa nzima hugeuka kuwa kitu cha ungaunga kisicho na utafunaji, ambacho mlaji hutambua kwa ulimi kwamba si nyama tena. Dakika 20 zinatosha kwa papai au nanasi. Tunda la kopo halifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa joto la kiwandani limekwisha kukiua kimeng'enya. Ndimu, ambayo ni rafiki wa nyama choma ya Kitanzania, isiingie katika mchuzi huu, kwani ukali wake hukaza uso wa nyama na kugombana na utamu wa soya. Nafasi yake ni katika kachumbari mezani.

Kwa nusu kilo ya nyama, vipimo vinavyofaa ni vijiko vinne vya chakula vya sosi ya soya, viwili vya sukari, au kimoja cha sukari na kimoja cha asali, nusu ya peasi la kadiri na nusu ya kitunguu maji, vyote viwili vikiwa vimekwaruzwa, punje tano za kitunguu swaumu zilizopondwa, kijiko cha chai cha tangawizi, pilipili manga iliyosagwa papo hapo, majani ya vitunguu mawili au matatu yaliyokatwa kwa mshazari, na kijiko kimoja na nusu cha mafuta ya ufuta. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, vinavyojulikana na kila abiria wa barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, vina ukali wa kutosha, na asali ya misitu ya Chunya ina harufu ya moshi inayoelewana vizuri na makaa. Mapishi mengi ya Kikorea huongeza divai ya mchele. Anayeiepuka kwa sababu ya dini au kwa hiari anaweza kuiacha kabisa bila pishi kupungukiwa na kitu cha maana, ila Mwislamu anayefuata kwa makini asome pia kibandiko cha sosi ya soya, kwa kuwa uchachushaji wa asili huzalisha kiasi kidogo cha alkoholi.

Mafuta ya ufuta yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo yanayoipa bulgogi harufu inayotambulika hata kutoka chumba cha pili. Wakorea hukaanga ufuta kwanza na kuukamua baadaye, hivyo mafuta yao huwa ya rangi ya kahawia na yenye harufu ya karanga, tofauti na mafuta meupe ya ufuta mbichi. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ufuta barani Afrika, ukitoka hasa Lindi, Mtwara na Ruvuma, na kwa upande wa nyanda hizi katika mabonde ya Momba mkoani Songwe, lakini sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje likiwa bado mbegu. Pasipo na chupa ya mafuta yenyewe, vijiko viwili vya ufuta hukaangwa pakavu kwenye kikaango kizito, kwa moto mdogo, vikikorogwa bila kuachwa hadi viwe rangi ya dhahabu na vianze kurukaruka. Vikatwangwa kinuni vingali vya moto, vikatiwa katika vijiko vinne vya mafuta ya alizeti yaliyopashwa kidogo, na baada ya dakika kumi vikachujwa. Mafuta hayo si sawa kabisa na ya Kikorea, lakini harufu ya ufuta uliotoka kukaangwa ina uhai ambao chupa iliyokaa rafuni kwa mwaka haina.

Nyama huchanganywa na viungo kwa mkono, kwa wepesi, kipande kimoja baada ya kingine kikifunuliwa ili kisishikane na mwenzake, na hulala kwa nusu saa hadi saa mbili, au usiku mzima ndani ya jokofu endapo tunda ni peasi. Mafuta ya ufuta hutiwa mwisho, kwa kuwa yakitangulia huzungushia nyama utando unaochelewesha chumvi kuingia. Mchuzi uliobaki kwenye bakuli umegusana na nyama mbichi, na usimiminwe mezani kabla ya kuchemka.

Mwaka 1912 mwanakemia wa Kifaransa Louis Camille Maillard alieleza kwamba sukari na asidi za amino zikikutana kwenye joto huungana na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na mamia ya harufu mpya, na badiliko hilo, linaloitwa kwa jina lake, huenda kasi pale joto linapofika karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Maji hayawezi kufika huko. Katika Jiji la Mbeya, lililo kwenye kimo cha takribani mita 1,700, huchemka karibu na nyuzi 94, na Iringa hutofautiana kidogo tu. Maana yake ni kwamba nyama iliyozama katika maji yake yenyewe haitakuwa ya kahawia hata ikikaa motoni kutwa, na hilo ndilo kosa la kwanza la anayejaribu bulgogi, yaani kumimina bakuli zima kwenye kikaango kwa mara moja, maji yakatoka, nyama ikachemka ikawa ya kijivu. Kikaango cha chuma cha kuchomea chapati, kilichopashwa hadi tone la maji likidondoshwa liruke na kutoweka, hupokea vipande vichache vilivyotandazwa bila kulaliana. Sauti yake ni ya mchakarisho mkali usiopungua. Ikishuka na kuwa ya kutokota, vipande vimezidi. Baada ya dakika moja kingo hujikunja, sukari huacha madoa meusi mekundu, kipande hugeuzwa mara moja tu, na baada ya nusu dakika nyingine huondolewa. Kwenye makaa hutumika wavu wenye matundu madogo, na makaa yawe yamevaa jivu jeupe, kwani mwali wa moto huunguza sukari kabla nyama haijaiva.

Jambo moja halipaswi kuigwa kwa macho. Katika migahawa ya Korea makaa huwekwa katikati ya meza, na filamu huonyesha familia imelizunguka jiko ndani ya chumba, lakini juu ya meza hizo huwa kuna bomba linalofyonza moshi na hewa chafu. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya unaposhuka chini ya nyuzi 10, desturi ya kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga milango kwa ajili ya joto imekwisha kuua watu, kwa sababu mkaa unaoungua katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu badala ya oksijeni na kumlaza mtu usingizi asioamka. Jiko la mkaa likae uani au barazani. Anayetaka kupikia mezani atumie jiko dogo la gesi au la umeme huku dirisha likiwa wazi; nyama nyembamba haihitaji moto wa muda mrefu, na hiyo ni faida nyingine ya kisu, kwamba mkaa wa kuchoma mbavu kwa saa nzima hautumiki.

Mezani Wakorea hula bulgogi kwa namna inayoitwa ssam, maana yake kufunga: jani la saladi hulazwa kiganjani, likawekwa wali kidogo, kipande cha nyama, ubale wa kitunguu swaumu na doenjang iliyochanganywa na pilipili, likakunjwa na kuliwa kwa mkupuo mmoja. Mkono uliozoea kumega tonge hujifunza hilo bila kufundishwa. Saladi na kabichi changa za bustani za Uyole hufaa, na wali wa Kyela, wenye harufu yake maarufu, hustahimili utamu wa soya bila kuzidiwa, ingawa punje zake hazishikani kama za mchele wa Korea na hudondoka kama jani halijafungwa vizuri. Ugali unaweza kuliwa pia, ila unga wa mahindi ni mzito kwa nyama laini kiasi hiki, na pishi hupotea ndani yake. Mbavu za kuchoma ndizo zinazoelewana na ugali. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na ndimu huleta ule uchachu ambao Wakorea huupata kwenye kimchi, kabichi yao iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Kwa desturi ya Kikorea, mdogo hanyanyui kijiko kabla ya mkubwa wa nyumba kuanza, na mgeni wa Kikorea akikaribishwa katika nyumba ya Kihehe au ya Kinyakyusa hatahitaji kuelezwa kwa nini vijana wanangoja.

Nyama inayobaki, pamoja na mchuzi wa bakuli, haitupwi. Wakorea wana namna ya kuipika ndani ya chungu kidogo kwa maji, tambi na uyoga, na hapo mchuzi uliogusana na nyama mbichi huchemshwa kwa dakika kadhaa hadi uwe salama na mtamu. Masika yanapoanza, uyoga wa porini hupangwa kwenye sahani na ndoo kandokando ya barabara ya Mafinga, na mnunuzi humwachia mwuzaji anayeujua kazi ya kuchagua unaoliwa; ukioshwa, ukachanwa kwa mkono na kutiwa ndani ya mchuzi huo pamoja na majani ya vitunguu, hunywa ladha ya soya na nyama, na wali uliolala tangu jana hupashwa humo humo.